Fomu Ilisema Hivi, Ushuhuda Ukasema Vile

Wasomaji wangu, wiki jana mliniacha kando ya barabara ya Isingiro, nimekaa juu ya jiwe, pembe ya ng'ombe mapajani na vipande vya kioo vimenijaa kwenye nywele mpaka shingoni. Asanteni kwa salamu zenu. Yule aliyeniuliza kutoka Kamukuzi kama ng'ombe alikufa, namjibu: hakufa. Ng'ombe ni mzima, anakula majani yake. Aliyekufa ni mimi, ila bado sijazikwa.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Nestor, Mkongomani wa Kivu Kusini, mkimbizi wa kambi ya Nakivale huku Uganda, mtaa wa Juru. Mke wangu ni Madeleine, na huku tunamwita Mama Gisèle kwa jina la binti yetu. Aliuza vyerehani vyake vitatu, vyote, tukanunua Toyota kuukuu ya kubeba abiria kati ya Base Camp, senta ya kambi yetu, na mji wa Mbarara. Gari hilo ndilo shamba letu na ndiyo ada ya shule ya mtoto. Tulikaa nalo miezi minne tu, kisha Bihogo, ng'ombe wa Sajini Conrad wa kambi ya jeshi ya Mbarara, akatuingizia pembe kwenye kioo cha mbele. Sasa gari limelala gereji pale Nyamityobora, na fundi amesema halitoki mpaka kampuni ya bima ilipe.

Bima! Ngojeni niwaambie nilivyoichagua, mcheke kabisa tumalize.

Nilipofika mjini kutafuta bima, mbele yangu kulikuwa na kampuni tatu. Ya kwanza ilikuwa na ofisi ya vioo na ubaridi wa mashine. Dada wa mapokezi aliniuliza nimezaliwa wapi, nimeishi wapi, nilivuka mpaka lini, mpaka nikadhani nimerudi kwenye mahojiano ya ukimbizi. Nikaaga. Ya pili ilikuwa meza chini ya mwavuli, wanauza stika ya kubandika kiooni tu, ile ya kumlipa uliyemgonga. Wewe mwenyewe ukipondeka, shauri yako.

Ya tatu iliitwa Ngao ya Msafiri, na humo alikuwamo Gad. Gad ni ndugu yetu, anaimba sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa letu, mle mle tunamoimba mimi na mke wangu.

"Ndugu Nestor," Gad aliniambia, "asiransi haiko karatasi. Asiransi ni bantu. Kule kwingine nani anakujua? Hapa tunaanza kazi na maombi."

Mtu mwenye akili angeuliza: mnalipa? Mimi niliuliza: mnaanza saa ngapi?

Akaniuzia bima kubwa, ile inayolipa gari lako pamoja na mali ya mwenzako. Masharti yake yalikuwa kurasa kumi na moja, herufi ndogo kama punje za ulezi. Gad akaziwekea mkono, akaziombea. Sikusoma hata ukurasa mmoja. Nani anasoma kitu kilichokwisha kuombewa?

Haya. Jumatatu baada ya ajali nilikuwa mbele ya meza ya Gad, mke wangu kando yangu, tunajaza fomu ya madai. Tukakwama kwa Bihogo.

"Ng'ombe tuandike fasi gani?" nilimwuliza. Fomu ilikuwa na visanduku vya mtu, gari, nyumba na mali nyingine.

"Mali ingine."

"Lakini hakufa. Amepoteza pembe tu."

Gad akakuna kichwa. "Na pembe iko mali?"

Tukampigia simu Sajini Conrad mwenyewe. Nusura simu iungue.

"Wewe nasema nini? Pembe si mali? Ngombe ya Ankole bila pembe ni nini? Ni mbuzi kubwa! Sasa Bihogo natembea kichwa upande, watu nacheka mimi mpaka kantini! Andika pembe! Mimi nataka pembe yangu!"

Gad akaandika haraka: Mali nyingine, pembe moja, ya kushoto.

Kisha tukafika pale panaposema: Eleza ajali ilivyotokea. Gad akaweka kalamu chini.

"Ndugu, hapa njo bantu mingi wanaangukaka. Andika kidogo."

Nikaandika kidogo. Niliandika: "Nilikuwa naendesha polepole, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani." Nikasaini. Ishikeni sentensi hiyo, tutaihitaji.

Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani, na huko ndiko mdomo wangu uliponiuza.

Nyie msiotujua, kanisani kwetu mtu hanusuriki akakaa kimya. Ukipona malaria, unashuhudia. Ukipata kadi mpya ya chakula, unashuhudia. Ukigongana na ng'ombe ukatoka mzima halafu ukanyamaza, watu wataanza kuuliza nani anakulinda. Na ushuhuda hauliwi bila chumvi. Aliyenitangulia siku ile ni mama mmoja aitwaye Mukarukundo, na yeye alikuwa ameona malaika kwenye foleni ya maharage, amevaa nguo nyeupe na ametulia kwenye zamu yake bila kusukumana. Kanisa lilikuwa bado linalia. Sasa mimi, baada ya malaika, nisimame niseme nilikuwa naendesha polepole?

Nikashika kipaza sauti.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi Nestor wa Juru, niliona ile pembe inakuja! Ndefu! Nyeupe! Ndugu zangu, sikushika usukani! Nilifumba macho! Nikainua mikono yote miwili juu nikasema, Bwana, endesha Wewe! Na Bwana..." Nikanyamaza kidogo, maana na mimi nina kipaji. "Na Bwana akaendesha!"

Lo! Mama wa kanisa wakaruka na vitenge mkononi. Mzee mmoja akatupa fimbo yake. Pasta Gasore akachukua ile pembe niliyokuja nayo kama ushahidi, akaipuliza, ikalia kama baragumu la Yeriko. Hakunirudishia. Alisema tangu leo ni ya madhabahu.

Na kila kitu kikarekodiwa. Kufika Jumanne sauti yangu ilikuwa kwenye kadi za kumbukumbu za simu Base Camp nzima. Kwenye vibanda vya kuchajia simu walikuwa wanapiga wimbo mmoja, kisha mimi, kisha wimbo.

Jumatano akaja Ignatius.

Ignatius ni mkaguzi wa Ngao ya Msafiri, Mnyankore wa Mbarara, mtu mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, faili kwapani. Tayari alikuwa amepita gereji kuliona gari.

"Agandi, mzee Nestor. Mimi nataka kuona pembe. Ni ushahidi ya kampuni."

"Pembe iko kanisani."

"Kanisani nafanya nini?"

"Inapulizwa."

Akaandika. Nikaona mambo yanaharibika, nikampeleka kula. Mkongomani akimpenda mgeni humpa ugali wa muhogo na sambaza, vile visamaki vidogo vya kwetu, na akimwogopa humwongezea. Tulikuwa tumekaa vizuri kwa mama mmoja mwenye hoteli pale Base Camp, Ignatius amekunja mikono ya shati na kidole kimezama kwenye mchuzi, mara redio ya yule mama, ile ya kuchomeka kadi, ikamaliza wimbo.

"Bwana asifiwe!" ikasema redio.

Nilikohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu. Ignatius akaacha kutafuna.

"Huyu ni wewe?"

"Kuna ndugu mmoja ana sauti kama yangu."

"Mimi Nestor wa Juru," ikasema redio.

Akasikiliza mpaka mwisho, mpaka pembe ilipolia. Akanawa mikono taratibu, akatoa fomu yangu kwenye faili, akamwambia mama wa hoteli, "Mama, rudisha nyuma kidogo." Mama kwa furaha akarudisha, akaongeza na sauti. Watu wa meza ya pili wakaitikia amina.

"Ssebo," Ignatius akaniambia kwa heshima yote, "fomu nasema mikono mbili kwa usukani. Redio nasema mikono mbili juu. Wewe iko na mikono ngapi?"

Nikasema ushuhuda ni ushuhuda, na fomu ni fomu. Nikasema kwetu mtu anapomsifu Mungu anaongeza kidogo. Mungu mwenyewe anajua, hutoa kile kilichozidi.

"Mimi najua. Hata mimi naenda kanisa. Lakini bosi yangu iko na hii sauti kwa simu yake. Mbwenu, sasa, sikia. Mimi si adui yako. Jumapili mimi nakuja kanisa yenu. Wewe nasimama mbele ya watu, nasema maneno ya redio ilikuwa uongo. Mimi nasikia, nasaini, fundi nalipwa, wewe nachukua gari. Ukisema ilikuwa kweli, faili nafungwa. Hakuna kitu."

Akainuka. Akafika mlangoni, akageuka.

"Kitu moja nasumbua kichwa. Pembe naingia kioo upande ya abiria. Gad nasema vioo najaa kwa nywele yako; sasa wewe dereva, nafika huko namna gani?"

Akaenda zake. Mimi nikabaki na sambaza zake na zangu, na hamu ya kula imekwisha.

Wasomaji wangu, kaeni vizuri. Tangu wiki jana nimewaficha kitu. Msinikasirikie, nilimficha hata pasta.

Ushuhuda wangu ulikuwa kweli. Kweli tupu, kila neno! Sikushika usukani, nilifumba macho, niliinua mikono. Uongo ulikuwa ule wa fomu. Sikushika usukani kwa sababu mbele yangu hapakuwa na usukani. Mimi nilikaa upande wa abiria.

Aliyekuwa anaendesha ni Madeleine.

Tulikuwa tunarudi kutoka Mbarara bila abiria, barabara nyeupe, haina mtu. Akasema, "Papa Gisèle, simamisha."

"Kuna nini?"

"Mashini zangu za kushona njo zilinunua hii gari. Miezi mine ninapanda nyuma na magunia ya bantu. Leo miye njo nitashika volan."

Volan ndiyo usukani. Vyerehani vilikuwa vyake kweli. Nikampisha. Na alikuwa anaendesha vizuri, nasema haki, kuliko mimi. Bihogo ndiye aliyetoka kwenye migomba bila kuangalia kushoto wala kulia. Kabla vumbi halijatua tulikuwa tumeshabadilishana viti, kwa sababu Madeleine hana leseni ya kuendesha. Nilipokuja kuyasoma yale masharti, ukurasa wa saba, nikakuta yameandikwa: gari likiendeshwa na asiye na leseni, kampuni hailipi hata senti. Gad alikuwa ameuombea na ukurasa huo.

Jioni ya Jumatano nikamweleza mke wangu maneno ya Ignatius. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Jumapili ni Meza ya Bwana," akasema.

"Najua."

"Miye siwezi kula mukate wa Bwana na hii kintu mu roho."

"Mama Gisèle, wewe hukusema uongo. Ni mimi niliyesema, ni mimi niliyesaini."

"Nilinyamaza. Uliandika nikiwa ninaona, nikanyamaza. Tangu siku ile silale, Papa Gisèle. Nikifunga macho, naona ile ng'ombe inaniangalia na pembe moya."

Nikamwomba. Nikapiga magoti kabisa, mimi mwanaume, kwenye maganda ya maharage. Nikamwambia asubiri Jumatatu tu. Fundi alipwe, gari litoke, halafu atubu anavyotaka, hata mara mbili. Mungu hafungi ofisi Jumatatu.

Akaendelea kuchambua, lakini sasa alikuwa anatupa mazima na kuacha mabovu, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nikapiga hesabu zangu. Nikisema ushuhuda ulikuwa uongo, nitaaibika kanisani mwezi mmoja, miwili, nitavuliwa sare ya kwaya. Si kitu. Aibu huisha, gari hubaki. Ijumaa nikalala kidogo.

Jumamosi saa nne asubuhi pikipiki ikasimama mlangoni. Alishuka mtu mwenye sare ya jeshi, mrefu, macho mekundu. Sajini Conrad! Nikatafuta mlango wa nyuma, nikakumbuka nyumba yangu ina mlango mmoja.

"Wewe ndiye Nestor?"

"Ndiyo, afande."

Akanikumbatia. Wasomaji, alinikumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi, akaanza kulia begani kwangu, mwanaume mzima na vyeo vyake mkononi.

"Bibi yangu Natukunda naleta ile sauti kwa simu. Mimi nasikia mara moja, nasikia mara mbili. Mimi miaka ishirini nalewa, napiga kelele, natukana watu. Mungu naendesha gari ya mkimbizi, Mungu nagonga ngombe yangu ili mimi naamka! Nimeokoka, ndugu! Kesho nakuja kanisa yenu kwa kupokelewa."

"Aleluya," nikasema.

"Na ile pembe, mimi nasamehe. Yote. Kama Mungu alikuwa naendesha, sasa mimi nadai Mungu pembe?"

Nikacheka. Na yeye akacheka. Halafu yeye akawa wa kwanza kuacha.

"Lakini hapa Base Camp mtu moja naambia mimi, eti kesho wewe nasema ilikuwa uongo. Mimi nakataa. Nasema hapana, yule ni mtu ya Mungu. Kwa sababu kama ni uongo, Mungu hakuendesha. Ni wewe naendesha, ni wewe navunja pembe ya Bihogo, na mimi naokoka bure." Akanipigapiga begani taratibu. "Kesho, ndugu."

Basi mwone wenyewe. Nikisema ulikuwa uongo, napata gari na nampata Conrad mlangoni, ameacha wokovu, macho mekundu. Nikisema ulikuwa kweli, Conrad anabaki na Mungu wake, na gari langu linabaki Nyamityobora mpaka fundi aliuze vipande vipande. Na vipande hivyo ni vyerehani vya mke wangu.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani. Ignatius alikaa benchi la mbele upande wa kulia, faili magotini. Conrad alikaa la kushoto, shati jeupe, mkewe Natukunda ubavuni. Katikati ilikuwapo Meza ya Bwana, kitambaa cheupe, mkate chini ya leso. Gad alikuwa kwenye kwaya, anajificha nyuma ya mtu mfupi.

Pasta Gasore akapuliza pembe ya Bihogo. Conrad akafuta machozi. Ignatius akaiandika pembe kwenye karatasi yake.

"Wapendwa," Pasta akasema, "wageni wetu wameusikia ule ushuhuda kwa simu. Leo wausikie kwa masikio yao. Ndugu Nestor, kuya!"

Nikaenda. Nikashika kipaza sauti.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

Ignatius akafungua kalamu. Conrad akanitikisia kichwa, ananipa moyo.

"Bwana asifiwe," nikasema tena.

"Amina!"

Mara ya tatu nikasema, na safari hii amina ilikuja nusu, watu wameanza kutazamana. Jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi. Nilitaka kusema, nawaapia, ila hata leo sijui ningesema lipi kati ya yale mawili.

Ndipo nikaona mkono umeinuka kwenye kwaya, safu ya soprano.

"Mama Gisèle," Pasta akasema kwa upole, "ngoja mume wako amalize."

"Hawezi kumaliza, Pasta. Ile ushuhuda haiko yake. Iko yangu."

Madeleine akashuka, sare yake ya kwaya imepigwa pasi, hatembei haraka wala polepole. Nikamtikisia kichwa: hapana, Mama Gisèle, hapana, ngoja kesho. Akanipita. Akasimama mbele ya Meza, akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa ufunguo wa gari. Akauweka juu ya kitambaa cheupe, kando ya mkate. Kisha akanyoosha mkono, na mimi, wasomaji wangu, nikampa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe," akasema. "Ile siku, bwana yangu alikuwa na mikono juu, kweli. Volan ilikuwa mu mikono yangu."

Conrad akasimama. Pembe ikamponyoka Pasta, ikabiringika sakafuni mpaka kwenye viatu vya Ignatius. Ignatius akainama, akaiokota, akainuka nayo mkono mmoja, kalamu mkono wa pili, akamtazama mke wangu kwa muda mrefu. Mungu ni shahidi yangu, uso wake ulikuwa na huruma.

"Nyabo, mama," akauliza mbele ya kanisa zima, "leseni iko nayo?"